Hodi ya Kuona

Mama yangu alipopoteza usikivu, kilichokufa nyumbani kwake Kibuta ni hodi. Mtu anafika mlangoni, anabisha mara tatu, kimya, anaondoka zake. Ndiyo adabu yetu hiyo, na niliilaani. Si waingie tu, jamani? Mama akaamini amesuswa. "Nimewakosea nini watu?" ananiuliza kwa kupayuka, maana sauti yake mwenyewe haisikii.

Mimi ni fundi redio Mlandizi. Nikasema hodi asiyoisikia ataiona. Upande mmoja wa mlango wa mbele nikafunga kitaa cha mwanga usioonekana kwa macho, upande wa pili transista inayohisi mwanga huo. Mtu akikatiza katikati, taa nyekundu iwake uani nyuma, mama anakoshinda.

Mezani kwangu ilikubali. Kwa mama, wapi! Transista niliiwekea rezista ya omu elfu kumi, ihisi hata mwanga hafifu, nikasahau kuwa kibandani kwangu ni giza na mlango wa mama unatazama jua. Jua likaishibisha mwanga muda wote, usimame pale hata mpaka kesho, taa haiwaki. Nikashusha hadi elfu moja. Sasa ikawaka tu bila mtu, kwa kuwa mwanga wa kitaa haukutosha tena. Kwa hasira nikapunguza rezista ya kitaa ili king'are zaidi, nikapitiliza, kikaungua. Nikakaa kizingitini nikalia, mwanamke mzima na bisibisi mkononi.

Nilipotulia nikaanza upya: omu mia moja kwa kitaa kipya, elfu nne na mia saba kwa transista, na kipande cha ganda la kalamu kuikinga na jua. Nikasimama mlangoni. Nikasikia kigelegele kutoka uani, kisha, "Karibu! Karibu ndani!" Masikini, ni mimi tu.

Wiki kadhaa baadaye nilirudi, nikapitia nyuma. Nilimkuta mkekani, macho kwenye taa. Shamba ameliacha, asije akapitwa na mgeni.

"Mwanangu, taa yako imekufa," akasema. "Haijawaka hata siku moja."

Alipoinuka kwenda kutawadha, nikatundika kanga yake mlangoni mbele ya kile kitaa, nikarudi uani kutazama. Taa ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Watu walishazoea kutokuja.

Nikaitoa kanga, nikachomoa waya. Mama aliporudi akanitazama usoni, anangoja. Nikamwonyesha kwa kichwa: kweli mama, imekufa.

"Alhamdulillahi, kumbe ni taa," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.