Kanuni za Sajini na Chai ya Kogo

Mwezi uliopita nilipita katika shule yangu ya zamani, upande wa Kapkatet, kumpelekea mtoto wa dada yangu blanketi. Sikuwa na nia ya kukaa. Lakini mvua ya mchana, ile ya kwetu isiyokosa saa yake, ilinikuta uwanjani nikakimbilia chumba cha mwisho, karibu na choo cha walimu. Siku hizi ni stoo ya mbolea. Macho yalipozoea giza nikaona ukutani, chini ya chokaa iliyoanza kubabuka, herufi nyeusi zikichungulia: HAPANA KUCHEKA. Chini yake, nusu imefichwa na magunia: HAPANA MKONO MFUKONI.

Rafiki, mimi ni mtu mzima sasa, na nina mtoto anayeniita mama. Lakini nilitoa mkono kwenye mfuko wa koti kabla sijajua nimefanya nini. Nilipogundua, nikaurudisha kwa makusudi, nikauacha humo mpaka mvua ikakatika.

Chumba kile kilikuwa Darasa la Sheria. Mwanzoni mwa miaka ya sabini shule yetu ilikuwa ya harambee, na walimu wake walikuwa wowote waliokubali kupanda mlima ule wenye matope. Sajini mmoja wa polisi aliyestaafu alikuwa amenunua shamba karibu. Mwalimu mkuu akamwomba atufundishe kila Jumamosi kazi ya askari: namna ya kusimama, kushika mtu bila kumuumiza, kutoa ushahidi bila kuongeza chumvi. Alikuja na mikanda ya zamani ya polisi, akamgawia kila mwanafunzi mmoja. Halafu akachukua brashi mwenyewe, akaandika kanuni ukutani.

Zilikuwa nyingi. Kufika kabla ya kengele, kucha fupi, viatu ving'are hata kama njia nzima ni matope. Hakuna kutafuna muwa ukiwa umevaa mkanda. Hakuna kukimbia, isipokuwa unamkimbiza mtu. Kila Jumamosi ulete taarifa ya kosa uliloliona kwa macho yako: nani, wapi, saa ngapi. Na ile ya mwisho, aliyoipigia mstari: MTU WA SHERIA HANA JAMAA AKIWA KAZINI.

Nikuungamie jambo. Nilizipenda kanuni zile. Nilikuwa mtoto wa wasiwasi, wa kuosha kikombe kilichokwisha kuoshwa, wa kutapika asubuhi ya mtihani. Sketi yangu niliilaza chini ya godoro ili ipate mkunjo, na nililala nimenyooka kama gogo nisiuharibu. Wenzangu waliona kanuni kama ua wa miiba. Mimi niliona ua unaozuia mambo yasinivamie. Kifungo cha mkanda wangu nilikisugua kwa majivu hadi ningeweza kuona meno yangu ndani yake. Taarifa zangu zilikuwa safi: baiskeli isiyo na taa, mbuzi aliyefungwa katikati ya barabara, utingo aliyening'inia nje ya basi la kwenda Kericho. Sajini alizisoma kwa sauti darasa lisikie.

Tena kulikuwa na jambo kubwa zaidi ya sifa. Sajini alikuwa na marafiki wakubwa polisini, na mwanafunzi aliyemwombea nafasi alipokewa kwenye mafunzo bila kuzungushwa. Wasichana tulikuwa watatu tu darasani. Siku moja alinisimamisha baada ya gwaride akaniambia, "Wewe nitakuandikia. Nikimaliza kukagua nyumbani kwenu." Nilirudi nyumbani siku ile nikitembea kwa mguu wa kushoto, kulia, kushoto, kati ya mashamba ya chai, peke yangu, nikijipigia amri.

Nyumbani kulikuwa kwa kogo, yaani nyanya yangu mzaa mama. Mama alifanya kazi kwenye kampuni ya chai huko Kericho na kuja mwisho wa mwezi. Kogo alikuwa na kipande cha chai kilichoanzia nyuma ya jikoni na kuteremka hadi mtoni. Alfajiri tulichuma pamoja, magunia yamefungwa kiunoni, umande umetulowesha hadi kifuani, king'ora cha kiwanda kikilia ng'ambo ya bonde. Majani mawili na kichipukizi, si zaidi. Halafu kogo alibeba kikapu hadi kituo cha kuuzia, na hapo vita vilianza. Karani aliyamwaga mezani, akachambua, akatupa pembeni yale aliyoyaona makubwa.

"Haya yamekomaa, kogo."

"Hata wewe umekomaa, na bado umeajiriwa."

Watu walicheka, karani pia, lakini majani yalibaki yamekataliwa. Kanuni za chai zilisema ya kukataliwa yatupwe mtaroni. Zilisema pia kwamba mkulima asitengeneze chai kwake. Sisi tulioishi ndani ya chai, chai hadi mlangoni, tulitakiwa tukanunue pakiti dukani kama watu wa Ndanai walio na mahindi tu.

Kogo hakuyatupa. Aliyarudisha chini ya kikapu, akayatandaza juu ya gunia darini, karibu na moshi, yanyauke. Kesho yake aliyasugua kwenye ungo kwa viganja, kwa nguvu, akiimba nyimbo za kanisani, hadi mikono ikawa ya kijani kisha ya kahawia. Akayafunika kwa kitambaa chenye maji. Yalipogeuka rangi ya shaba aliyakausha kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo, akiyageuza kwa vidole bila mwiko. Harufu yake, rafiki, siwezi kuieleza vizuri na imenitesa miaka yote nikijaribu. Ilikuwa kama nyasi zilizokatwa, na asali, na moshi wa jikoni mwetu.

Mimi niliijua kanuni. Kila Jumamosi nilisimama chini ya ukuta ule, nikiwa na chai ile tumboni, nikasoma habari ya mbuzi.

Ukaguzi wa nyumba ulipangwa Jumapili baada ya ibada. Wiki nzima nilifagia. Nilipaka kuta udongo upya, nikafukuza kuku wasikanyage, nikamwomba kogo jambo moja tu.

"Kogo, siku hiyo tunywe chai ya dukani."

"Kwa nini? Mgeni wangu ni mgonjwa?"

"Ni mtu wa sheria."

"Basi anywe vizuri, apate nguvu ya kutushika."

Nilikimbia kwa mama jirani, mchumaji wa kampuni aliyetoka upande wa Kisii, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto. Akanipa chai kidogo ya pakiti kwenye karatasi. "Mwambie huyo nyanya yako," alisema, "mimi nachuma chai mchana kutwa na bado nakunywa vumbi. Akimaliza kumpikia polisi, na mimi aniletee kikombe!" Niliificha karatasi kwenye kabati. Kogo aliiona, akaikunja vizuri, akaniwekea mkononi. "Rudisha kitu cha watu."

Sajini alikuja na fimbo yake chini ya kwapa. Alitazama kuta, akatazama shimo la choo, akapitisha kidole juu ya meza. Akaniitikia kwa kichwa kwamba pako sawa. Kisha kogo akaleta kikombe cha bati kilichojaa hadi ukingoni, maziwa ya asubuhi, chai ile. Sajini akanywa. Akasimamisha kikombe hewani, akanusa. Akanywa tena hadi mwisho, na kogo akamjazia, akanywa cha pili vilevile, polepole, macho ameyafumba.

"Mama," alisema, "chai hii ni ya duka gani?"

"Kijana wangu, kama kungekuwa na duka lenye chai hii, ungekuja kwangu?"

"Nauliza kwa kazi."

"Na mimi nimekujibu kwa kazi. Karani aliyakataa. Kitu mtu amekikataa mbele ya watu, ni chake bado?"

"Yanatupwa, mama. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Aliyeandika hajawahi kubeba kikapu."

Sajini aliweka kikombe chini, akanigeukia mimi. "Jumamosi," alisema, "utaleta taarifa. Kamili. Mimi nitaipeleka kwa chifu, na barua yako ya polisi nitaituma siku hiyohiyo." Akachukua fimbo yake, akamshukuru kogo kwa chai, akaenda.

Kila mtu kwetu alijua maana yake. Mkulima aliyeshikwa na chai ya nyumbani aliweza kunyang'anywa namba yake ya kuuzia, na chai isiyo na namba ni kichaka tu. Kogo angebaki na kipande cha vichaka.

Sikula vizuri wiki ile. Nilijiambia ninafikiri, lakini sikuwa nikifikiri. Nilikuwa nikitafuta kanuni ya kunitoa. Nilizisoma zote kichwani, kutoka juu hadi chini, nikichuma, nikikama, nikiteka maji, na hakukuwa na hata moja iliyoandikwa kwa ajili ya mtu aliyelelewa na mtu. Hapo ndipo hasira iliponijia. Haikuwa ya ghafla. Ilikuja kama maji yanavyopanda kwenye kisima, na ilipofika juu nilishangaa jinsi tumbo langu lilivyotulia.

Jumamosi nilivaa kila kitu. Mkunjo wa sketi ungekata kitunguu. Sajini aliniita wa kwanza.

"Taarifa."

"Sina, afande."

"Wiki nzima hukuona kosa?"

"Niliona mgeni akinywa chai, afande. Vikombe viwili."

Nyuma mtu alitoa sauti ya puani, akajikohoza haraka. Sajini hakugeuka.

"Chai ilitengenezwa wapi?"

"Sisemi, afande."

"Hujui?"

"Najua. Sisemi."

"Soma kanuni ya mwisho."

Niliisoma. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo mpaka leo najivunia kuliko cheti chochote ambacho sikukipata. Kisha nikasema kitu ambacho sikukipanga: "Hiyo imekosewa, afande."

Sajini alinyoosha fimbo kwenye kiuno changu. "Vua mkanda," alisema. Niliuvua. Niliukunja, nikauweka mezani kifungo kikitazama juu, kiking'aa, nikageuka kwa kisigino na kutoka kwa mguu wa kushoto kama alivyotufundisha.

Kama unadhani kogo alinikumbatia, hukumjua. Alinisikiliza amesimama mlangoni na ungo mkononi.

"Nani alikutuma unitetee?" alinifokea. "Mimi sina mdomo? Ningeenda kwa chifu, ningemwambia yeye na karani wake! Namba ni karatasi. Wewe ndiye niliyekuwa nakupeleka kazi ya polisi!" Akaingia ndani. Hatukuzungumza hadi jioni, na alipoleta chakula aliniwekea nyama yake yote.

Chifu hakuja. Tulingoja wiki, tukangoja msimu. Sajini aliona kosa lile kwa macho yake mwenyewe na hakulipeleka popote. Watu huniambia, basi alikuwa mtu mwema, alikuwa anakupima tu. Sikubali. Kama alikuwa mwema angeniacha darasani. Alitaka huruma iwe yake na usaliti uwe wangu. Alitaka mtoto amfanyie kile ambacho yeye, na miaka yake yote ya kazi, hakuweza kukifanya baada ya vikombe viwili. Nimeligeuza jambo hili kila upande, unavyojua tabia yangu, nikitafuta mahali nilipokosea. Sijapaona.

Sikwenda polisi. Shule niliacha mwaka uliofuata, na Kiswahili hiki ninachokuandikia nimejifundisha kwa redio na kwa magazeti ya kufungia sukari, nikisahihisha kila sentensi hadi usingizi unanikataa. Mmoja wa wale wasichana wawili ni polisi sasa. Nikikutana naye namwonea wivu, sikufichi, wivu unaochoma. Halafu unapita, nami bado nimesimama palepale niliposimama siku ile.

Darasa lilifungwa Sajini alipouza shamba na kurudi kwao. Kogo alitangulia mwaka juzi. Jiko lake limebomolewa, mjomba amepanda chai hadi pale palipokuwa na mafiga, na watoto wake hawajui kwamba majani yanaweza kusuguliwa kwa mkono. Mjomba anaishi vizuri na makarani. Hakuna anayemfokea mtu kituoni tena. Kila kitu kimenyooka kwetu sasa. Natembea katikati ya mistari ile nikitafuta sauti moja ya kubisha, na nisipoisikia naitoa mwenyewe, kwa nguvu, wachumaji wainue vichwa waulizane ni nani huyo.