Ukurasa Mmoja wa Vita vya Nyuklia

Niapie kwanza kwamba haya hayatoki hapa. Mimi niliapa hivyo hivyo Jumamosi, na kabla sijafika sokoni nilikuwa nimeshawaambia watu saba.

Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Kasulu katunga kitabu cha vita vya nyuklia, akatukusanya dukani kwa muuza vitabu atusomee, ili tununue. Kitabu chenyewe, jamani! Bomu linaangukia Kasulu, hakibaki kiumbe hata kuku, halafu ukurasa wa pili shujaa anapanda bodaboda kwenda Heru Juu.

"Anaendesha nani?" nikamuuliza.

"Bibi, huo ni ubunifu."

Tukapiga miayo, hadi alipofika kwa mama anayekimbia na mtoto kwenye mvua ya sumu. Kamfunika sufuria kichwani, na mtoto anauliza, "Mama, tumeshafika nyumbani? Nasikia mvua kwenye bati." Miayo ikakatika. Hata mimi, nisiyemhurumia mtu, nikatafuta leso.

Hapo muuza vitenge, mama wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi, akasimama. "Papa, usigeuze ukurasa kwanza. Mama alijibu, 'Ndiyo, lakini usifungue mlango.' Ni miye nilimwambia mtoto wangu vile. Weye nilikuhadithiaka ulipokuja kununua kitenge."

"Imetokea tu kufanana, mama," mwalimu akacheka.

Mwenye duka akamnyang'anya kitabu, akageuza ukurasa, akasoma kwa sauti: "Ndiyo, lakini usifungue mlango."

Kumbe cha mwalimu mwenyewe pale kilikuwa ile sumu tu, mengine yote ya yule mama. Tukamgeukia wote, naye mkono bado kaunyoosha, anadai arudishiwe kitabu chake.