Sahani Iliyofunikwa kwa Sahani

"Ukifumba macho, unaisikia sauti ya baba yako?"

Jirani yetu aliniuliza hivyo nikiondoa theluji kwenye ngazi zake, kule Linden, mtaa wa utoto wangu, na mimi, mtoto wa kubishia kila kitu, nikaacha koleo nijaribu. Nilifumba macho. Nikasikia funguo za gari, kikohozi, mlango ukifungwa. Sauti haikuja.

Wiki iliyopita nilitoka Buffalo, ninakoishi siku hizi, nikasimama tena mahali pale. Nyumba yake imebomolewa. Zimebaki ngazi za saruji, zinapanda kwenda kwenye majani.

Wewe uliyelelewa na mtu wa ghala unaelewa. Baba alifanya zamu ya jioni: nikitoka shule, yeye anatoka nyumbani, nikiamka, yeye amelala. Mama alimwachia sombe ya majani ya muhogo na bugali mezani, sahani imefunikwa kwa sahani, nasi tukaambiwa tupite kimya. Nilimjua baba kama unavyomjua mpangaji wa chumba cha juu.

Jirani alikuwa bibi aliyepita miaka tisini, mkali kwa mbwa, mpole kwa watoto. Nikimaliza theluji, alinipa supu ya maharagwe na kunisimulia habari za baba yake, mzimamoto wa mji ule enzi pampu zilipovutwa na farasi. Kengele ikilia, alisema, farasi walitoka wenyewe vizimbani wakasimama chini ya hatamu zilizoning'inia darini. Nikauliza nani aliwafundisha, na kama walitoka hata kengele ikilia kwa makosa.

"Wewe utakuwa wakili," akasema, "au utapigwa."

Wazimamoto wa wakati ule, alisema, waliishi kituoni usiku na mchana, nyumbani wakaruhusiwa saa za kula tu. Kwa hiyo mama yake bibi alitafuta nyumba karibu na kituo. Kengele ilipolia, mume alikimbia na supu kwenye masharubu, mtaa mzima ukajua wamekula nini. Mke hakulalamika. Alifunika sahani kwa sahani, akawavika watoto makoti, na moto ulipozimwa wakampelekea chakula chake. Bibi alisimulia haya kama mtu aliyekuwepo mezani. Sheria ya nyumba yao aliitamka kama aya ya Biblia: chakula cha mzimamoto hakipelekwi kikaachwa, unakaa naye mpaka sahani iwe nyeupe.

"Na baba yako," akauliza, "nani hukaa naye?"

Nilikasirika, maana jibu nilikuwa nalo. Kesho yake nilikimbia kutoka shule. Nikamkuta baba ndani ya gari, injini inaunguruma, sahani magotini, anakula kama mtu anayefukuzwa. Nikafungua mlango, nikaketi.

"Bon, mama," akaniambia mimi binti yake, "unanichunga sababu gani? Naiba chakula yangu?"

"Nakaa mpaka umalize."

"Nani amekutuma?"

"Mzimamoto."

Alicheka mpaka sombe ikamwagikia sare. Kumbe alikuwa na kicheko kizito, kinachoanzia tumboni! Nikamuuliza alikula na nani utotoni. Akaniambia habari za ng'ombe wa milimani kwao, Kivu, kisha akawaita mmoja mmoja kwa jina, mle garini, vioo vimeingia ukungu wa pumzi zetu. Tangu siku hiyo nilikuwa nakimbia kila nikitoka shule.

Bibi alifariki kabla ya theluji nyingine kuanguka. Mazishini nilishika mkono wa baba, nikalia, sikusoma jiwe lolote.

Leo farasi hawapo, kengele haipo, na kijana anayepita mtaa ule hajui kwamba hapo palikuwa na supu. Baba amehamia Shively, Louisville, kwa kaka yangu, na magoti yake hayataki tena ghala. Huwa tunakula pamoja kwa simu, kila mtu na sahani yake. Nikifumba macho, namsikia akiita ng'ombe.

Mimi niliyehoji kila kitu, swali lile la sauti ya baba sikuwahi kumrudishia bibi. Wiki iliyopita, nilipotoka kwenye zile ngazi, nilienda makaburini. Amelazwa kando ya baba yake, na jiwe lao ni moja. Nilisoma miaka yao mara mbili. Mzimamoto, jiwe linasema, alikufa kazini, na binti yake akazaliwa mwaka uliofuata.