Sponji Iliyomeza Mawimbi

Mama Godoro alikuwa fundi wa sponji, hodari hata mito ya kulalia ikimwona inajikunja yenyewe kwa hofu. Kwa hiyo bintiye, mhandisi, alipohitaji pembe mia mbili za sponji, zilizochongoka na kuchovywa kwenye maji ya unga wa mkaa, hakwenda kwa mwingine.

"Za nini, mwanangu?"

"Za kumeza mawimbi ya redio, mama. Yakigonga ukuta mtupu yanarudi. Yakiingia kati ya pembe hizi yanagongagonga huku na huku, na kila yakigusa mkaa yanageuka joto, mpaka yanakwisha."

"Mawimbi yasiyolowesha! Haya, mimi nakata."

Siku ya kupima, chumba cha maabara kilikuwa kimevaa pembe kuta hadi dari. Mshale wa kipimo cha mawimbi ukagoma kushuka. Mawimbi yalirudi kama mbuzi wanaojua zizi lao.

"Keshokutwa isipofaulu," mkuu wa maabara akamwambia binti, "kazi nampa mwingine."

Mama Godoro, aliyekuja kujionea, akapitisha kidole kwenye pembe moja. Kikatoka na kijivu kidogo tu, wala si weusi wa mkaa.

"Mwanangu, nilizikung'uta."

"Ulifanyaje?"

"Zilikuwa chafu! Tangu nianze ufundi, sponji yenye vumbi haijatoka dukani kwangu. Nilizichapa fimbo moja moja."

"Nami nikadhani mkaa umezama ndani! Mama, umemwaga dawa ukaniletea chupa!"

"Usinicheke. Lete mkaa. Safari hii nauchanganya na gundi ya magodoro. Hautatoka hata ukiitwa na polisi."

"Gundi iwe nyepesi, mama. Matundu yasizibe."

Wakachovya, wakakamua, wakabaki weusi tititi, meno tu yakionekana. Jua la uani likazikausha pembe.

Keshokutwa ilipofika, pembe zikarudishwa ukutani, mlango ukafungwa. Mshale ukashuka, ukashuka, ukalala kabisa. Mkuu akagonga kioo cha kipimo akidhani kimekufa. Kisha akampa binti mkono. "Endelea na kazi yako."

Mama Godoro akaingia chumbani taratibu, viatu mkononi. Kimya humo kilikuwa kizito hata akasikia damu yake ikitembea masikioni. Akanong'ona, na sauti haikurudi.

"Mawimbi yote yamo humu?"

"Yamekuwa joto, mama. Lakini ni dogo mno, mkono hauwezi kulisikia."

Mama Godoro alikwishabandika kiganja kwenye sponji, macho kayafumba.

"Nyamaza wewe," akasema. "Nalisikia."