Siku Papa Aliposimama Mstarini Bila Tepe

Kwenye meli za huku kwetu, mtu hapandi cheo akiwa bado amevaa cheo cha chini. Kabla ya kupandishwa anazivua tepe zake za begani na kumpa yule anayemfuata, mbele ya familia, kwa mkono wa kuume. Siku ya sherehe anakwenda na mabega matupu, ili tepe mpya zisikute nyingine. Kinshasa hawaijui desturi hiyo. Ni ya wanamaji wa Kisangani tu, na kama ningeulizwa ningesema ni upuuzi mtupu. Lakini sikuulizwa, nilipewa wembe nikaambiwa nifumue uzi.

Kazi ikawa yangu kwa sababu mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Mangobo, na tepe za Papa, baba yangu, nilizishona mimi mwenyewe kwenye shati lake. Papa alikuwa msaidizi wa kapteni, second kama tunavyosema, kwenye meli inayosukuma matishari ya mizigo kati ya Kisangani na Kinshasa. Zamani vyeo vilikwenda kwa zamu. Kapteni akifa, au macho yakimgoma, second wake anashika nafasi. Kwa bahati mbaya kapteni wa Papa hakuwa na haraka ya kufa. Alizeekea kwenye usukani, akaota mvi, na Papa akaota zake nyuma yake.

Papa alitaka jambo moja tu kabla ya pensheni: aitwe komanda, yaani kapteni, aiongoze meli mpaka Kinshasa na kuirudisha. Nyumba ya matofali hakuitaka, wala pikipiki. Mama alikuwa akimtania kwamba nyumbani tayari ana cheo, na si cha juu sana. Papa alicheka, lakini nilimwona alivyokuwa akitazama meli za wenzake zikiondoka, na roho iliniuma kwa ajili yake.

Basi yule mzee akafariki. Kabla meli haijapewa kapteni mwingine, habari ikafika kwamba vyeo vya idara nzima vitapangwa upya. Vilikuwa vurugu kweli. Kulikuwa na maofisa wasio na meli na meli zisizo na maofisa, na kulikuwa na watu wenye vyeo ambao mto wanauona wakipita darajani tu. Wajumbe watatoka Kinshasa, watapanga kila mtu mahali pake. Pale bandarini watu walilielewa jambo hilo kwa namna moja: Papa anapandishwa. Wamama wanaouza samaki wa kukaushwa walianza kumwita komanda hata wajumbe hawajapanda ndege.

Jumapili baada ya misa alimwita mshika usukani wake. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye mke na watoto, aliyefundishwa usukani na Papa na kula kwetu miaka yote kama ndugu. Mama alipika lituma ya ndizi za kupondwa na samaki, akavaa kikwembe kipya alichokuwa amekificha kabatini kwa siku hiyo. Nilimvuta Papa pembeni nikamwambia angoje kwanza wajumbe waseme. Tepe hazina miguu, hazitakimbia. Alinitazama kwa upole, na hiyo ndiyo iliyonichosha zaidi.

"Mama, fungula tu," aliniambia, maana binti zake wote alituita mama. "Zamu yangu imefika."

Nikafumua. Chini ya tepe kitambaa kilikuwa bado cheusi kama siku kilipotoka dukani, na pembeni pote kilikuwa kimepauka kwa jua. Papa alizichukua, akazitia mkononi mwa yule mwenzake, akamwambia azivae kwa heri. Watu walipiga makofi na Mama alipiga vigelegele. Mimi nilikusanya nyuzi sakafuni nikiwa nimenuna.

Wajumbe walikuja katikati ya juma. Wafanyakazi walipangwa mstari kwenye uwanja wa bandari, na sisi familia tulisimama kwenye uzio. Mkubwa wao alisema kwa Kifaransa, kisha kwa Lingala, kwamba karatasi za vyeo hawazitaki. Nyingi zimeliwa na panya na nyingine zimenunuliwa. Kwa hiyo kila mtu atahesabiwa kwa cheo alichokivaa mbele ya wenzake, maana mbele ya wenzake hathubutu kuvaa cha uongo. Nikiri kwamba haikuwa hoja ya kijinga. Halafu akaeleza mpango wenyewe: cheo cha second kinafutwa. Waliokuwa second wanakuwa makapteni kuanzia leo, na wasio na tepe wote ni mabaharia.

Mama alinishika mkono, na sikujua kama alikuwa ameelewa au alikuwa anaogopa tu uso wangu. Mjumbe alipita mstarini akitazama mabega. Alipofika kwa Papa akamuuliza yeye ni nani kwenye meli. Papa alijibu kwa sauti, hata sisi wa kwenye uzio tukasikia.

"Tepe nilisha kuzipana."

Yaani amekwisha kuzigawa. Yule mjumbe alimtazama kama mtu aliyejibiwa swali jingine. Akaandika matelo, yaani baharia wa kawaida, akasogea. Aliyefuata alikuwa mshika usukani na tepe za Papa begani. Alifungua mdomo aseme. Papa aligeuza kichwa kidogo tu, akamkazia macho, na yule mwanamume akafunga mdomo wake. Akaandikwa kapteni. Akapewa na meli, ile ile ya Papa.

Niliruka mbio mpaka ofisini nikapiga kelele zote nilizokuwa nazo. Mjumbe alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia, akaniomba nikae, akaniletea maji. Nilimweleza desturi yetu, naye akashika kichwa. Alisema jambo hilo linarekebishika siku hiyo hiyo, mradi mwenye tepe azirudishe na Papa azivae. Meli ni moja na kapteni ni mmoja. Nilitoka pale nikiwa na furaha, nikaona mambo yamekwisha.

Nilipofika nyumbani mshika usukani alikuwa tayari amefika. Alikuwa amepiga magoti barazani, mtu mzima na mvi zake, tepe ziko viganjani, analia.

"Papa, kamata vitu yako," alisema. "Miye siwezi kukuamurisha weye."

"Kitu nilisha kupana na mukono yangu, sitakamata tena," Papa alijibu. "Weye njo komanda. Bon. Simama, watu wanaangalia."

Tulimsihi. Mama alimsihi kwanza kwa maneno, kisha kwa machozi, kisha kwa kumnyima neno lolote mpaka Jumapili. Nilimwambia Papa kwamba kiburi chake kitamzika. Hakunikasirikia. Alinieleza taratibu kwamba tepe zikirudi, basi hata zile alizopewa yeye zamani hakupewa kwa kweli, na hakuna mtu mtoni atakayeamini tena alichokabidhiwa. Nilimjibu kwamba mto haujali. Hadi leo sijui nani alikuwa na haki kati yetu, ila najua nani aliumia. Wajumbe waliondoka na ndege ya mwisho wa juma, na mambo yakabaki hivyo.

Papa alirudi kazini akiwa baharia. Umri ule, alisimama mbele ya tishari na mti mrefu wa kupimia kina, akivuta kamba pamoja na vijana walioanza juzi. Kapteni mpya alijaribu kumwekea kazi za kivulini, lakini Papa alizikataa. Kila walipopita Yangambi, wenzake walinisimulia baadaye, watu wa kando ya mto walimpungia mkono wakimwita komanda, naye aliwaonyesha kwa kidole kule juu kwenye usukani. Mama hakukivaa tena kile kikwembe. Aliniletea nikate nguo za wajukuu, na nikakata.

Mwishowe miguu ilimvimba na pumzi ikawa fupi. Meli ilimwacha nyumbani ikaenda bila yeye. Daktari alitwambia tumpe anachopenda kula, na tulielewa. Tuliweka godoro lake sebuleni ili awaone wanaopita. Hakuweza tena kwenda chooni bila mimi na Mama kumshika huku na huku.

Wiki yake ya mwisho, saa za mchana, kapteni alikuja moja kwa moja kutoka bandarini baada ya safari, bado yuko kwenye nguo zake za kazi na tepe begani, ameshika samaki aliyemnunulia Papa njiani, huko Barumbu. Alipiga hodi na kuingia. Papa alimwona, akashusha miguu chini, akashika ukuta, na kabla sijamfikia alikuwa amesimama. Alinyoosha mikono ubavuni.

Kapteni alimwomba alale. Nami nilimwomba, nikamshika bega, akalitoa mkononi mwangu.

"Matelo hawezi kulala wakati komanda iko anasimama," alisema.

Kapteni akaketi, si kitini, bali chini sakafuni kabisa, karibu na godoro. Papa alibaki amesimama. Alisema bado hajapewa amri. Jasho lilimtiririka usoni na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Mama alianza kulia kwa sauti, akimwomba yule mtu afanye kitu, kwa jina la Mungu afanye kitu. Mwanamume yule ambaye miaka yote alimwita baba yangu Papa, hata mbele ya wafanyakazi wake, aliinuka, akafuta macho, akanyoosha mgongo.

"Matelo," alisema. "Lala."

"Ndiyo, komanda," Papa akajibu, akalala.