Gadenia Hainywi Chai ya Maziwa

Iko siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu Simiyu, na leo umenilazimisha niirudie. Lakini kwanza weka simu kwa spika, uilaze pale mezani karibu na jikoni. Ati kwa nini? Masikio yangu yamezeeka, nasikia vizuri hivyo. Mkeo Nasimiyu anapika? Sawa, usimsumbue, aendelee tu.

Sasa. Umeniambia majani ya gadenia yamegeuka manjano, vitumba vya maua vinaanguka kabla havijafunguka, na sungusungu wamejaa kwenye shina. Nikakuuliza mnaipa nini. Ukanijibu bila hata aibu, "Si ulisema tuipe chai, mama? Tunaipa kila asubuhi." Chai! Chai ya maziwa, Simiyu, na sukari ndani! Nilisema majani ya chai. Majani! Yale yaliyochemshwa kwa maji matupu, yakapoa. Mmeona wapi mti ukinywa chai ya maziwa? Si mngeupakia na mkate siagi, basi.

Haya, nisikilize. Sikuwa nimemaliza muda mrefu tangu niolewe na baba yako, kule Kachibora. Mama yangu alinikatia kijiti cha gadenia yake kule Naitiri, akakipanda kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaja nacho mapajani. Nikakipanda kando ya jikoni, pale panapopata jua la asubuhi. Kikashika vizuri. Kikatoa majani ya kijani kilichokolea, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na ua la kwanza lilipofunguka baba yako aliuliza ni nani amejipulizia manukato.

Halafu kikaanza kugeuka manjano, hivyo hivyo kama chako. Na sababu niliijua. Kila asubuhi mama mkwe wangu, nyanya yako, Mungu amrehemu, alikuwa akizoa jivu la jikoni na kulimwaga pale shinani. Hakuwa na ubaya wowote. Jivu lilikuwa limemfanyia maajabu kwenye sukuma na vitunguu, akaona na hicho kimti cha mkaza mwana kisinyimwe. Nami ningesema nini? Mgeni wa juzi, niende kumfundisha mwenye boma kupanda?

Siku hiyo mama yangu akaja kutuona. Akachinjiwa kuku, akala, akashiba. Alipotoka nje kunawa mikono ndipo alipoiona gadenia. Akasimama. Akaangalia jivu, limerundikana hadi limefunika shina. Akainua macho, na pale mlangoni pa jikoni alikuwa amesimama mama mkwe wangu, karai la jivu mkononi. Wakatazamana, wamama wawili. Kisha mama yangu akanigeukia mimi.

"Nekesa! Nilikulea wapi wewe? Nani alikufundisha kumwagia gadenia jivu? Jivu ni la sukuma! Huu mti unataka udongo wenye ukali, kama ule wa mashamba ya chai. Jivu linautoa ule ukali, mti unakaa na njaa huku chakula kiko chini yake. Unaniulia mti wangu hivi hivi?"

Nilifungua mdomo niseme si mimi. Akanikanyaga mguu. Wee! Alinikanyaga kwelikweli, na kiatu chake cha kanisani.

"Nimesikia, mama," nikasema.

Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga. Nikimsindikiza stejini nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza, "Mama, si uliona karai lilikuwa mkononi mwa nani?"

"Niliona," akasema. "Wewe ni wangu. Nikikugombeza leo, kesho utanipigia kelele na yataisha. Yule nikimgombeza, mimi nitapanda gari niende zangu. Wewe utabaki ukiishi na nani?"

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama mkwe amepiga magoti, anaondoa jivu kwa mikono, polepole asije akakata mizizi. Hakuniangalia. Alisema tu, "Lete majani makavu ya msaipresi tuufunike." Tukafanya kazi hiyo pamoja hadi ikaisha, na hakuna aliyeitaja tena. Ila wageni wakija, ungemsikia: "Gadenia yetu hii haipendi jivu kabisa." Utadhani alizaliwa akijua!

Sasa Simiyu, ile ya Naitiri wajomba zako waliing'oa wakajenga maduka. Hii ya Kachibora imekwenda na barabara. Tingatinga lilikuwa tayari langoni nikikimbia na kisu kukata kile kijiti nilichokupa. Hakuna nyingine. Ikikauka hiyo iliyoko kwako Kitale, harufu ya mama yangu sitainusa tena hapa duniani. Ndiyo maana napiga kelele. Sipigi kelele kwa sababu ya mti.

Kwa hiyo acheni chai yenu. Kwangueni huo udongo wa juu wenye sukari, kwa mkono, si kwa jembe, mwagieni maji ya mvua, kisha mfunike na majani makavu. Jivu hapana. Na ile chokaa iliyobaki kwenye shamba la mahindi, hapana pia. Msiihamishe na mkebe wake kila wageni wakija ati ionekane, ndiyo maana vitumba vinaanguka. Kupogoa ni baada ya maua kuisha. Wewe mwanaume mzima, unashindwa hata na mti usioomba nauli!

Nini? Ati si wewe uliyemimina, ni... Nyamaza! Nimekuuliza ni nani? Laiti ningekuwa karibu na mguu wako. Ni wewe. Ukiwa nyumbani mwa watu, mwanangu, gombeza wa kwako, na ukigombezwa kwa kosa la mwenzako, meza.

Ngoja. Nani huyo amesema "Nimesikia, mama"?

Nasimiyu! Kumbe uko hapo? Mimi nilikuwa naongea na mtoto wangu tu. Njoo karibu na simu. Unacheka au unalia? Basi, basi. Mungu awabariki nyote wawili, nyumba yenu inukie, na mtakaowazaa waizoee harufu hiyo kabla hawajajua kutembea. Likifunguka la kwanza msinitumie picha, picha hainukii. Nileteeni mkononi.

Na kwa vile umejibu mwenyewe, mama, basi wewe pia ni wangu, na wa kwangu namgombeza bila kuzunguka. Sukari, Nasimiyu? Kwa kweli, sukari?