Kigingi Kwenye Tuta

Juzi niliona vigingi vyekundu mtaani Izia, nikakumbuka mchana ule mpima ardhi alipokuja kijijini kwetu Mollo kumtafutia mwekezaji shamba. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule niwalee wadogo zangu.

"Hapa ni pori," alisema, akipigilia kigingi kwenye tuta letu.

"Shikamoo mzee. Si pori, ni intumba. Tumefukia nyasi zioze, tupande ulezi."

"Binti, mimi naona nyasi tu."

Nilipasua tuta kwa jembe. Harufu ya nyasi zilizooza ilipanda pamoja na joto. Akanusa, akacheka, akang'oa kigingi.

Nilidhani amekubali kwamba ardhi ina wenyewe. Kumbe alikwenda kukipigilia shambani kwa Bibi Tereza, jirani yetu mjane, ambaye mwaka ule aliugua, hakulima.